Kodi ya Chumba na Bei ya Kiwanja

Dar es Salaam haipangishwi na makampuni. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na majengo yake ya Upanga na Kariakoo kila mtu anayajua, lakini kijana anayeshuka stendi ya Magufuli leo na begi lake, akiuliza chumba, hapelekwi huko. Dalali atampeleka kwa mama mwenye vyumba vinne Mbagala, kwa mwalimu mstaafu aliyejenga uani kwake Kinyerezi, au Buguruni kwa ndugu watano waliorithi nyumba moja na kugawana kodi yake kila inapoingia. Hao ndio wanaolaza jiji.

Siasa nayo imechangia kuliweka hivyo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wameyapangisha. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye ghorofa Mtaa wa Samora aliguswa. Mwenye nyumba ya udongo na bati Magomeni hakuguswa. Mpaka Azimio la Zanzibar lilipokuja kulegeza masharti mwaka 1991, nyumba ya kupangisha ilikuwa mali ambayo mtu mkubwa aliificha na mtu mdogo aliikalia mwenyewe pamoja na wapangaji wake. Upangishaji ukabaki shughuli ya familia, na mpaka leo unaendeshwa kifamilia: hakuna daftari, mkataba ni wa kununua dukani, na hesabu iko kichwani kwa mwenye nyumba.

Sasa hivi anayetaka kuingia ni mtu wa aina nyingine. Ni mfanyakazi mwenye kiinua mgongo, muuza duka aliyejibana, nesi aliyeko Uingereza anayetuma hela kwa kaka yake. Ana milioni 10 au 40 na amesikia kwamba nyumba haimtupi mtu. Maswali anayouliza yanafanana: ninunue kiwanja au nyumba iliyokwisha, nijenge vyumba au fremu, nikope au nijenge kidogo kidogo. Ni maswali mazuri, ila yote yanasubiri jingine ambalo watu wengi hawajiulizi. Anataka kula kodi au anataka kukaa na ardhi ipande bei? Ni biashara mbili, na zinakutana kwenye hati moja tu. Kila moja ina eneo lake, jengo lake na muda wake.

Tupige hesabu. Chukua mtu aliyepata kiwanja cha mita 20 kwa 20 pembeni ya jiji kwa milioni 12, akajenga vyumba masta vinne, kila kimoja na sebule yake ndogo, kwa milioni 45. Jumla milioni 57. Tuseme kila kimoja kinapangishwa 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 5,760,000, na hapa ndipo wengi wanapofunga hesabu wakajipongeza. Lakini wapangaji wanahama. Ukiweka mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, unabaki na 5,280,000. Kodi ya serikali kwenye pango ni asilimia 10, inakwenda 528,000. Matengenezo usiyatie chini ya kiasi hicho hicho: koki, kitasa, dari iliyolowa, rangi kila mtu anapotoka. Halafu kuna gari la kunyonya choo, kodi ya ardhi, kodi ya jengo, taa ya nje na kijana wa kuangalia usalama, tuseme 324,000. Mfukoni zinabaki 3,900,000. Kwenye milioni 57 hiyo haifiki asilimia 7.

Weka pembeni yake kitu ambacho mtu huyohuyo angeweza kununua bila kumjua fundi hata mmoja. Mwaka 2022, serikali iliposhusha riba za hatifungani zake, ile ya miaka 20 ilitoka asilimia 15.49 ikawa 12.1. Watu walilalamika. Hata kwa riba hiyo iliyolalamikiwa, tukiikata iwe 12 kamili, milioni 57 zinaleta 6,840,000 kwa mwaka, zinaingia benki mara mbili kwa mwaka, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Kiwango cha kuanzia ni milioni moja. Mwenye hatifungani haamshwi saa 5 usiku kwamba choo kimefurika.

Tofauti ni 2,940,000 kila mwaka, na lazima itoke mahali. Atakayetetea nyumba atasema inatoka kwenye thamani: nyumba inapanda bei, karatasi haipandi. Ni kweli nusu. Jengo linapanda kwa sababu saruji na nondo zinapanda, lakini linachakaa wakati huohuo, tuyaache yafutane. Kinachopanda bila kuchakaa ni kiwanja, na kiwanja ni milioni 12 tu kati ya 57. Ili kifidie pengo lile, kinatakiwa kupanda kwa karibu robo ya bei yake mwaka wa kwanza. Yapo maeneo yaliyopanda hivyo, lami ilipofika au umeme ulipoingia, kwa miaka miwili mitatu. Hayapandi hivyo kwa miaka 20. Kodi nayo itapanda, sikatai. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, itachukua kama miaka 12 pato la nyumba kuifikia riba ambayo hatifungani ililipa tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayetaka faida ya ardhi amejichosha kwa kujenga: milioni 45 amezifunga kwenye kitu kisichompa alichokuwa anakitafuta. Na anayetaka kipato cha kila mwezi amelipia kiwanja kipya pembezoni, mahali ambapo wapangaji bado hawajafika.

Hata hivyo nina heshima na wanaojenga, na sababu yenyewe haionekani kwenye hesabu hiyo. Milioni 5 zikiwa benki si za mtu mmoja. Kuna ada ya mtoto wa dada, kuna msiba Tabora, kuna rafiki anayesema atarudisha mwisho wa mwezi. Ukisema huna, wanajua unazo. Zikiwa tofali 3,000 zilizopangwa kiwanjani, hakuna wa kukuomba tofali. Ujenzi wa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, kupaua Mungu akijalia, ni njia ya kujifungia hela ambayo benki haijaweza kuishinda. Tatizo lake ni pagala. Nyumba iliyosimama miaka minne bila bati imekula milioni 25 na haijamlipa mwenyewe hata senti, nayo mvua inalamba kuta na vijana wa mtaani wanang'oa nondo zilizochomoza. Kama sababu ya kujenga ni nidhamu ya fedha, basi jenga kitu kidogo kinachoisha: vyumba viwili vilivyopauliwa, vyenye umeme na wapangaji ndani, kabla ya kuchimba msingi wa vingine viwili. Wengi hufanya kinyume. Wanachimba msingi wa vyumba sita kwa sababu fundi kasema inatoka nafuu kwa pamoja. Fundi hana haraka; analipwa kwa kila hatua.

Eneo nalo huchaguliwa kwa mazoea. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 Dar es Salaam, kutoka milioni 4.36 mwaka 2012. Ni ongezeko la karibu asilimia 23 kwa miaka 10. Mkoa wa Pwani, unaouzunguka, ulitoka kama milioni 1.1 ukafika milioni 2.02, ulikaribia kujizidisha mara mbili. Anayesoma takwimu hizo haraka anakimbilia Vikindu, Kibaha na Bagamoyo na kusema huko ndiko watu wanakokwenda. Wanakwenda, ndiyo, lakini wengi wao wanakwenda kujenga kwao. Wamechoka kupanga. Mpangaji anayelipa kodi ni yule ambaye bado yuko karibu na kazi yake: anauza nguo Karume, anasuka Sinza, analinda Masaki, anabeba mizigo Kariakoo. Anahesabu nauli na saa za kukaa barabarani. Chumba kibovu Manzese kinapata mtu kabla aliyetoka hajamaliza kufunga virago, na chumba kizuri chenye marumaru huko ndani Chanika kinaweza kukaa miezi mitatu kikiwa na pazia la mwenye nyumba tu.

Kiwanja kinachopanda kwa kasi kipo ambako wapangaji ni wachache, na wapangaji wengi wapo ambako ardhi imeshapanda. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Kimara mwaka 2016, tofauti hiyo imesogea kidogo kuifuata njia ya mabasi, na daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka huohuo, nalo liliisogeza. Haijafutika. Anayetafuta kodi atafute nyumba ya zamani karibu na kituo, hata ikiwa na nyufa, aikarabati. Anayetafuta ardhi anunue mbali, apande michongoma na mipaka ionekane, alipe kodi ya ardhi, asijenge chochote zaidi ya banda la mlinzi.

Kuna pia hatari ya kumtegemea mpangaji wa aina moja. Waliojenga vyumba vya wanafunzi kuzunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliona mwaka 2017 mabweni mapya ya chuo yakifunguliwa, vitanda 3,840 kwa mkupuo, kwa bei ambayo hakuna mwenye nyumba angeweza kushindana nayo. Dodoma ilikuwa kinyume chake: tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia huko, mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu Area C alijikuta anapokea simu za maofisa. Wote wawili, wa Dar na wa Dodoma, waliamuliwa bahati yao ofisini kwa mtu mwingine.

Kuhusu hati, nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza kila kitu na sio asilimia fulani. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Sheria za Ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zinampa raia haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hiyo ndiyo hati. Chini yake kuna leseni ya makazi, iliyotolewa kwa wingi jijini kwa wenye nyumba za maeneo yasiyopimwa; inamtambua mtu, inakubalika hata kwa baadhi ya wakopeshaji, lakini ni ya muda mfupi na inahuishwa. Chini kabisa ni karatasi ya mauziano, ile inayoandikwa barazani kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, yenye majina ya mashahidi, dole gumba la bibi muuzaji na muhuri wa mwenyekiti. Sehemu kubwa ya nyumba za kupangisha za jiji hili zimekaa juu ya karatasi ya namna hiyo.

Siyo kwamba karatasi hiyo ni takataka. Mtaa unakumbuka, na shahidi aliyeketi kwenye mkeka siku ile anaweza kuitwa barazani. Lakini ina maswali isiyoyajibu. Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na mke aliyekuwa Tanga siku ya mauziano anaweza kurudi na wakili. Nyumba ni ya urithi? Basi anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na sio kaka mkubwa aliyepewa heshima na ukoo. Kama kuna hati, nenda masjala ya ardhi ukafanye upekuzi. Utajua kama iko benki. Na uliza barabara. Kati ya Kimara na Kiluvya, mwaka 2017, nyumba zaidi ya elfu moja zilivunjwa kwa sababu hifadhi ya Barabara ya Morogoro kwenye kipande hicho ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na kwingine sheria ya 2007 inataka mita 30 kila upande wa barabara kuu. Baadhi ya waliovunjiwa walikuwa na umeme, maji na risiti za kodi ya majengo. Risiti haikuzuia katapila. Bonde la Msimbazi nalo lina historia yake ya mafuriko na bomoabomoa. Nyumba ya bei rahisi kule Jangwani ni rahisi kwa sababu inayojulikana.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, kiwanja kilichopimwa kwa milioni 12 ni bora kuliko nyumba nzuri isiyo na karatasi kwa milioni 20. Wazoefu wanaweza kucheza na leseni ya makazi na urasimishaji, na wengine wamefaidika sana hati zilipotoka. Anayeanza hana mtaji wa kupoteza wala miaka ya kukaa barazani.

Jengo lenyewe: vyumba, nyumba nzima, apatimenti au fremu? Fremu za maduka zinavutia kwa sababu kodi yake ni kubwa na mpangaji anapaka rangi mwenyewe, ila zikikosa mtu zinakosa kwa mwaka mzima, na kila mwenye ukuta unaotazama barabara sasa amezitoboa. Nyumba nzima inampata mpangaji mtulivu, mwenye familia, ambaye akihama pato lote linahama naye. Vyumba vina usumbufu mwingi na kodi ya uhakika zaidi, kwani vinne havihamwi siku moja. Mpangilio wa zamani wa nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na jiko la pamoja, bado unalipa vizuri kwa kila shilingi iliyojengewa kuliko masta zinazopendwa sasa, maana choo kimoja kinahudumia sita. Ila vijana hawautaki. Wanataka mlango wao, choo chao na mita yao.

Mita hasa. Mita moja ya Luku kwa vyumba sita ni kesi isiyoisha. Viwango vilivyowekwa mwaka 2016 vinamtoza mteja mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na mteja wa kawaida 292. Nyumba ya wapangaji sita haiwezi kukaa chini ya 75 hata wakilala gizani, kwa hiyo kila mmoja analipa bei ya mtu mkubwa ingawa matumizi yake ni taa mbili na simu. Halafu mmoja ana friji. Mwingine anapiga pasi usiku. Wa tatu anasema hayupo, yuko kazini mchana kutwa, kwa nini achange sawa? Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye Luku, na ugomvi umepata mlango mpya:

"Mama, Luku imekata tena hela ya jengo. Hii ni yako, si yangu."

"Baba Salma, si umeme unatumia wewe?"

"Umeme natumia. Nyumba naimiliki?"

Baba Salma ana haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na mpangaji aliyeilipa anastahili kupunguziwa kwenye kodi yake ya chumba. Ni hela ndogo. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na imepanda tangu hapo. Mama akiikubali bila kusukumwa, na akaiandika kwenye mkataba, amenunua amani kwa bei ya soda mbili. Kufunga mita ya kila chumba wakati wa ujenzi ni gharama inayouma siku hiyo, na ndiyo matumizi ambayo mwenye nyumba hajutii.

Kodi ya miezi sita kwa mkupuo imelaaniwa sana, na wanasiasa wameahidi mara nyingi kuikomesha. Mpangaji anaumia, hilo halina ubishi: kijana anayepokea 300,000 kwa mwezi atapata wapi kodi ya nusu mwaka, na ya dalali ya mwezi mmoja juu yake? Lakini angalia inafanya kazi gani. Mwenye nyumba hana namna ya kujua kama mgeni huyu analipa madeni. Hakuna barua ya mwajiri, hakuna kumbukumbu ya alikotoka. Miezi sita ndiyo uchunguzi wake. Asipolipa miezi sita ijayo, njia ya kisheria ya kumtoa ni ndefu: Baraza la Kata ambalo tangu 2021 limebakiwa na usuluhishi tu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tarehe baada ya tarehe. Ndiyo maana wengine wanaweka kufuli jingine mlangoni au wanaezua bati mtu akiwa ndani. Ni kosa, na mpangaji mwenye akili anaweza kuligeuza kuwa fidia.

Mimi ningemshauri anayeanza apokee miezi mitatu, na awe na mkataba alioandika yeye, wenye tarehe, hali ya chumba siku ya kuingia, na muda wa notisi. Atapata watu wengi zaidi wa kuchagua, na kuchagua ndiko kunakomlinda. Pia hatakula mwezi wa Januari kodi ya mwezi wa Juni. Hilo la pili ni zito kuliko linavyosikika: mwenye nyumba anayepokea kwa mkupuo huitumia kama zawadi, akaezekea nyumba nyingine au akaoza binti, na Machi koki inapovuja hana shilingi ya fundi bomba. Mpangaji anaona koki inavuja wiki tatu. Anaanza kutafuta kwingine.

Kwa upande wa TRA, asilimia 10 inatozwa kwenye kodi nzima, si kwenye faida. Kwa mtu binafsi asiyefanya upangishaji kuwa biashara rasmi, hilo ni la mwisho. Bati ulilobadilisha halipunguzi kitu. Sheria ya Fedha ya 2022 ilimtaka hata mpangaji wa kawaida aizuie sehemu hiyo na kuipeleka serikalini, jambo lililozua kelele kwa sababu ni wapangaji wachache wenye ubavu wa kumwambia mwenye nyumba "hii kumi nakata". Kenya wametembea njia nyingine: mwenye nyumba mwenyewe hulipa kila mwezi, na tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 kwa anayepata kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hii yetu ya asilimia 10 unaweza kuikwepa, na wengi hapa wanaikwepa. Ila siku unapotaka mkopo, au kuuza kwa mnunuzi anayetaka kuona kumbukumbu, kipato ambacho hukuwahi kukitangaza hakipo.

Mkopo wa nyumba haunichukui muda mrefu. Sheria ya 2008 ya mikopo ya nyumba ipo, kampuni ya kuziwezesha benki ipo tangu 2010, na bado mikopo hiyo yote haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Riba ya asilimia 15 na kuendelea haiwezi kulipwa na nyumba inayozaa asilimia 7. Anayekopa ili apangishe analipia nyumba kutoka kwenye mshahara, na mwenye mshahara wa kutosha kufanya hivyo kwa kawaida anajengea familia yake.

Baada ya miaka 15 au 20 huja uamuzi wa mwisho. Kiwanja kilichokuwa cha milioni 3 Sinza sasa kinatajwa kwa mamia ya milioni, na vyumba vilivyo juu yake vinaleta kodi ya vyumba. Ukigawa kodi kwa bei ya ardhi, hupati hata asilimia 2. Mwenye nyumba aliyeanza kama mla kodi amegeuka mwenye ardhi bila kujua, na kuendelea kupangisha hapo ni kuikalia mali. Wengi hawauzi. Wanasubiri wafe, warithi wauze kwa haraka na kwa bei ya ugomvi, na wakati huo dalali ndiye anayekula.

Njia nyingine ni ubia, kama ilivyofanyika Kariakoo: wewe unatoa kiwanja, mwenye mtaji anajenga ghorofa, mnagawana sakafu. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, kila sehemu ya jengo inaweza kuwa na hati yake. Mkataba wa ubia usiotaja hati hizo, ukasema tu kwamba mwenye kiwanja atapata "ghorofa mbili za juu", unamwacha na funguo bila umiliki, na kiwanja kikiwa kimeshahamia jina la kampuni. Anayekwenda kusaini apeleke mchoro wenye namba ya kila sehemu iliyo yake, tarehe ya mwisho ya ujenzi, na kifungu kinachoeleza nani anailipa familia kodi ya kupanga kwingine kwa miaka ambayo jengo litakuwa bado nguzo na nondo.